Bei Chini ya Shali

Oktoba 6

Daftari hili ni la kazi. Mchezaji poka anayejiheshimu huandika hali ya moyo wake kabla ya kuketi mezani, kwa sababu mtu mwenye hasira hucheza vibaya, na hajui kwamba ana hasira mpaka pesa zimwishie. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nilijifundisha mwenyewe, kama nilivyojifundisha mengine yote ya poka: kupoteza, kuandika nilivyopoteza, kusoma nilichoandika. Basi: hali ya moyo, nzito. Saa za kucheza, hakuna.

Nimerudi nyumbani Mwingi. Dada yangu Sabrin alinipigia simu jana nikiwa mjini Wote, akasema Aabo, baba yetu, ameanguka akitia udhu. Kiharusi. Upande wa kulia umelala na ulimi haumtii. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, hasemi lolote. Mkono wa kushoto uko sawa.

Wote nimekaa miaka minne katika chumba chenye dirisha moja na intaneti nzuri. Nyumbani wanajua nafanya "kazi ya kompyuta." Si uongo mtupu, kompyuta ipo. Wanaonilipa ni watu wa Brazili na Urusi na kwingineko ambao sijawahi kuwaona, kila mmoja akidhani karata zake ni bora kuliko zangu. Katika nyumba ya Aabo karata hazijawahi kuingia, hata za watoto kuchezea. Kamari ni haramu, na mzee huyu hali haramu, haigusi, wala hailazi ndani ya boma lake.

Oktoba 8

Leo nilimwona akiitafuta shali yake kwa mkono wa kushoto, akaivuta polepole mpaka ikamfunika vidole. Nililazimika kutoka nje.

Aabo, Ahmednur kwa jina, ni dalali wa mbuzi. Miaka arobaini amesimama sokoni kati ya muuzaji na mnunuzi, shali begani. Kwa watu wetu waliotoka kaskazini bei haitajwi mbele za watu. Dalali anamshika mmoja mkono chini ya shali, anaisikia bei kwa vidole, kisha anaipeleka kwa mwenzake. Kidole kimoja ni elfu moja, vitano ni tano, nusu ya kidole ni nusu. Ukitaka kuongeza, unashika tena. Ukiachia mkono, umekataa. Ukishika kiganja kwa kiganja na kukishusha mara moja kwa nguvu, yamekwisha, mbuzi ana mwenyewe mpya. Wakamba wa soko la hapa waliizoea lugha hiyo zamani, nao sasa hawataki nyingine.

Nilikuwa na miaka minane aliponiuzia mwanambuzi kwa njia hiyo. Nilijifanya simtaki sana. Akacheka chini ya ndevu, akasema, "Mkono wako unamtaka." Kisha akaniambia neno ambalo bado analirudia kila mwaka, au alikuwa akilirudia: ulimi hukana, kidole hakikani.

Poka yangu ilianzia hapo, ingawa sikujua. Mtandaoni sina mikono ya watu, lakini nina muda wanaochukua kabla ya kubonyeza. Anayechelewa anatoka jasho, hata akiwa Urusi.

Oktoba 11

Jua. Aabo amekula bakuli zima la uji kwa mkono wangu. Anafungua mdomo kama kifaranga, nami naona haya na raha kwa pamoja.

Oktoba 14

Mwongeli, jirani yetu, anapanda ndengu kwenye vumbi. Hakuna hata wingu moja, naye ameinama tangu asubuhi na jembe lake.

"Mama, mvua ikichelewa, si panya watakula mbegu yote?"

"Watakula."

"Na bado unapanda?"

"Sasa nifanye nini, nikae? Mvua ikikuja ikute sijapanda, hiyo ndio hasara. Wewe mtoto wa kompyuta hujui kazi."

Nilitaka kumwambia kwamba kazi hiyo naijua sana, ila ya kwake haina dhambi.

Oktoba 15

Aabo alikula. Jua.

Oktoba 19

Mchana Sabrin alikuwa dukani kwake na Aabo amelala. Niliketi kando ya kitanda na simu. Siku kumi na tatu bila kucheza, na kulikuwa na mashindano ambayo huwa siyakosi. Walianza watu elfu mbili, tukabaki kumi na wanane. Nilikuwa na wafalme wawili. Mbrazili mmoja akasukuma pesa zake zote katikati baada ya sekunde tisa, na huyo, akiwa na karata nzuri, huchukua mbili tu. Nikabonyeza. Nikashinda. Nilitabasamu peke yangu kama mjinga.

Nilipoinua macho, Aabo alikuwa macho. Sijui kwa muda gani. Alikuwa anawatazama wafalme wawili kwenye kioo cha simu, na ile picha ya pesa zikimiminika. Kisha akanitazama mimi. Hakukasirika. Alinitazama kama anavyomtazama mbuzi aliyemgundua ni mgonjwa baada ya kumnunua.

Jioni nilimpelekea kijiko mdomoni. Mdomo haukufunguka. Nikasema, "Aabo, uji." Aligeuza uso ukutani, na kwa mtu ambaye nusu ya shingo yake haisikii, kugeuka huko kulikuwa kazi ya dakika nzima. Niliketi na kijiko hewani muda wote huo nikimwangalia akigeuka.

Oktoba 20

Nilimwambia Sabrin kila kitu. Nilitegemea kelele. Sabrin ni mkali, tangu utotoni nimemwogopa kuliko mwalimu. Alikalia mtungi wa maji.

"Walaal, ndugu yangu," akasema, "nilijua kuna kitu. Kazi gani hiyo inalipa hivyo na hata mwenyewe huwezi kuieleza? Sikukuuliza kwa sababu karo ya watoto ilikuwa inatoka kwako. Ningekuuliza, ningejibiwa."

"Kwa hivyo na duka lako, mtaji niliotuma..."

"Usitaje duka. Yeye mwenyewe ameshahesabu."

Ni kweli. Leo hakula kwangu wala kwa Sabrin. Alikula kwa Mwongeli, uji wa mtama wa shamba lake, akamaliza. Dawa zinatoka kwa mchango wa msikiti, hizo anameza.

Oktoba 21

Bado.

Oktoba 22

Bado. Jua.

Oktoba 23

Bado. Mwongeli anapita na bakuli mbele yangu na kuangalia chini, kana kwamba ni yeye aliyekosa.

Oktoba 26

Kiti cha magurudumu nilichoagiza Nairobi kimefika. Kiko mlangoni na plastiki yake. Wajomba walikuja, wakakizunguka, wakambeba Aabo mikononi kumpeleka nje kwenye jua la asubuhi. Hakuna aliyenitukana. Katika ukoo mzima hakuna mwenye pesa kama mimi, na sina la kuzifanyia. Sitaki mengi. Nataka ale kijiko kimoja kwa mkono wangu kabla hajaondoka. Naliandika hapa ili nisijidanganye kwamba nataka kingine.

Novemba 2

Tuliswali kuomba mvua, uwanjani, mashati yamegeuzwa ndani nje. Nilikuwa safu ya nyuma. Niliiomba mvua kwa moyo wangu wote. Naandika ili ikumbukwe kwamba niliiomba.

Novemba 5

Nimepata dawa ya tatizo langu, na sijui kwa nini imenichukua wiki mbili. Pesa ya halali iko umbali wa hatua mia nne kutoka hapa. Kesho ni siku ya soko. Shali ya Aabo iko kwenye msumari. Nitakuwa dalali.

Hali ya moyo: nyepesi.

Novemba 6

Sokoni walinipokea vizuri mno. "Mtoto wa Ahmednur!" Mikono ikanyooshwa. Mbuzi ni wengi, wamekonda, kila mtu anauza kabla hawajamfia.

Alikuwepo Musyimi kutoka Nuu na mbuzi wanane. Huyu ameuza kupitia kwa Aabo tangu kabla sijazaliwa. Mzee mfupi, kofia ya sufu hata kwenye jua hili. Mnunuzi alikuwa Bilal, mwenye bucha Kitui. Nilimshika Bilal chini ya shali, akanipa sita na nusu kwa kila mbuzi. Nikaenda kwa Musyimi.

Mkono wake ulikuwa umelowa. Nilipoushika tu nikajua yote: hana nyasi, hana maji, leo hatawarudisha mbuzi hawa Nuu. Mchezaji akikutana na mkono kama huo hafikiri tena. Nikambana vidole vitano. Tano. Alitulia kidogo. Nikambana tena tano haraka, kama mtu ambaye mnunuzi wake anaondoka. Akanitazama usoni, muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Kisha akanipa kiganja na kukishusha.

Bilal alifurahi mpaka akanipa mara tatu ya ada ya kawaida. Nilinunua nyama, maziwa ya ngamia na unga mpya. Senti moja ya karata haikuguswa.

Nilipika mwenyewe. Aabo alichukua mkono wangu kwa ule wake wa kushoto, akashika kidole kimoja na kungoja, anavyofanya muuzaji akiuliza, haya, useme. Nikasema, "Ni ya sokoni, Aabo. Nimesimamia mbuzi wa Musyimi leo, na shali yako." Aliushikilia mkono wangu. Ulikuwa mkavu na umetulia, maana sikuwa nadanganya. Niliamini.

Akafungua mdomo. Alikula vijiko kumi na viwili. Sabrin alisimama mlangoni akilia.

Novemba 7

Alikula. Alikula tena.

Novemba 8

Bilal alipita kumjulia hali mgonjwa. Alileta machungwa. Akaketi, akampa pole, akamwombea, kisha akampiga goti kwa furaha.

"Mzee, usiwe na wasiwasi, umeacha mtu! Huyu kijana wako ni moto. Mimi nimemshika sita na nusu, nikajua hapo tutavutana mpaka adhuhuri. Yeye ameenda kwa yule mzee wa Nuu akamkaza tano. Tano! Na mzee akakubali papo hapo. Wewe mwenyewe hujawahi kunifanyia hivyo."

Nilikuwa nimeshika kijiko.

Ndipo nilipoelewa nilichofanya, na sikuhitaji kuelezwa. Katika poka, kumtisha mtu kwa karata usizonazo ndiyo kazi yenyewe. Kila aliyeketi mezani amekubali kutishwa. Chini ya shali hakuna aliyekubali. Dalali hubeba kidole cha mwenzake kama abebavyo mtoto wa watu, na anakifikisha kilivyo. Mimi nilibeba kidole ambacho Bilal hakunipa. Sikufikiri hata mara moja kwamba ni uongo. Nilijiona fundi.

Bilal aliendelea kuongea. Aabo hakumtazama. Uso ulimbadilika rangi, akaanza kutapika, na kwa kuwa hawezi kujiinua, alitapika kifuani mwake. Tulimgeuza, mimi na Bilal. Bilal akasema labda ni machungwa, ingawa hakuna aliyekuwa ameyamenya.

Nilimfulia shali. Nilimsafisha ndevu. Mkono wake wa kushoto nilipoushika, uliachia.

Novemba 9

Bado.

Novemba 12

Bado. Hataki kula hata kwa Mwongeli. Maji tu na dawa.

Novemba 14

Mvua. Ilianza saa tisa mchana, nzito, watoto wakatoka nje uchi. Mwongeli alisimama shambani na kulowa, akicheka na mbingu. Panya hawakumaliza. Aabo alisikiliza bati likipigwa. Sikuweza kujua anafikiri nini. Mtu aliyenifundisha kusoma watu, na ndiye peke yake nisiyeweza kumsoma.

Novemba 16

Mvua. Anameza uji kidogo wa Mwongeli, vijiko viwili, vitatu.

Novemba 18

Mvua, usiku na mchana. Daktari alikuja nyumbani, akatuambia tuwaite ndugu. Nilimwuliza ana siku ngapi, nikijua ni swali la mcheza kamari. Akasema hajui.

Nitaenda Nuu kesho kumrudishia Musyimi haki yake. Elfu moja na nusu kwa kila mbuzi, mbuzi wanane, elfu kumi na mbili. Nimekaa na pesa hizo mkononi na kugundua kwamba zote ni za karata. Sina nyingine. Kila ninachoshika ili nisafishie kina uchafu uleule. Nitaenda hivyohivyo.

Novemba 20, Nuu

Nililala kwa Musyimi. Nilifika jana alasiri na bodaboda, nimelowa mpaka mifupa. Alinipa koti lake na chai kabla ya kuniuliza nimefuata nini.

Nikamwambia. Bilal alikuwa na sita na nusu. Mimi nilikubana tano.

"Ĩĩ," akasema. "Najua."

"Unajua?"

"Kidole yako ilikuwa na haraka. Baba yako miaka yote hajawahi kunipatia haraka, hata siku moja. Nikasema, aiya, haka kavisi, haka katoto, kananidanganya."

"Na ukakubali?"

Alichochea moto. "Nikaona mzee amelala. Labda watoto wamekosa ya dawa, na wanaona aibu kuomba. Nikasema wacha wakule hiyo. Si mimi pia baba yako amenisaidia?"

Nilikuwa nimeuona mkono wake umelowa nikamhesabu kama mnyonge. Alikuwa na mbuzi wanane wa mwisho, hana nyasi wala maji, akaachia elfu kumi na mbili kwa kunionea huruma, na mimi nikaondoka nikijisifu. Miaka minne nimekula kwa kusoma watu.

Niliweka pesa juu ya stuli. Akauliza ni za nini, nikamwambia ni zake, na kwamba zimetoka kwa karata. Alizisukuma upande wangu kwa kidole kimoja.

"Nilishatoa. Kitu umetoa kwa mgonjwa hurudishiwi. Enda umwambie baba yako Musyimi hana kesi na yeye. Umwambie saa hii angali anasikia."

Novemba 21

Mto umejaa tangu jana. Mahali nilipovuka juzi maji hayakufika magotini, leo yanapita na miti mizima. Watu wamepanga mstari ukingoni, hakuna anayejaribu. Bodaboda amerudi zake Nuu. Hii ndiyo mvua niliyoiomba.

Nilimpigia Sabrin. Alikuwa anatoa maji yaliyoingia dukani, alikuwa analia na kufoka pamoja. "Yuko macho," akasema. "Lakini fanya haraka." Nilimwomba amwekee Aabo simu sikioni. Akakimbia nyumbani, akampa Mwongeli simu aishikilie, akarudi dukani kwake.

Nikazungumza. Nilisimama kwenye tope, mgeni kushoto na mgeni kulia, nikisema kwa sauti kwa sababu mto ulikuwa unapiga kelele. Nilisema nimekula kwa kamari miaka minne. Nilisema juu ya Bilal na vidole vitano. Nilisema Musyimi alijua, alisamehe kabla sijaomba, hataki kurudishiwa, na amesema hana kesi nawe. Nilisema sitakuahidi kwamba nimeacha, Aabo, kwa sababu sijui kazi nyingine na ungenishika mkono ungejua. Nilisema ninaona aibu. Nilisema nataka kuja nyumbani na mto umejaa.

Kisha nikangoja. Nilijua hawezi kunijibu, lakini nilingoja. Nilisikia bati la nyumbani likipigwa na mvua. Nikasikia Mwongeli akisema "Ngoja mzee, ngoja kidogo," halafu kitu kikasugua simu, halafu mtandao ukapotea.

Nilipiga mara thelathini na moja. Haikuingia.

Novemba 22

Alfajiri. Sabrin aliniandikia ujumbe: Inna lillahi. Amerejea kabla ya adhana.

Wamemzika saa tano asubuhi. Maiti haingojeshwi, nami nisingetaka angojeshwe. Saa tano nilikuwa ukingoni. Maji yalikuwa yameshuka kiasi cha kiganja kimoja. Mzee mmoja nisiyemjua alisimama karibu nami, akaniuliza kama nina mtu ng'ambo. Nikamwambia ninaye.

Novemba 24

Nimefika. Kaburi ni tope jekundu na miiba iliyowekwa kuzuia fisi. Nilisoma nilichoweza kusoma.

Nyumbani kiti cha magurudumu bado kiko mlangoni. Sabrin alinipa shali, imefuliwa, imekunjwa. Nilimwuliza kama Aabo alifanya chochote baada ya simu yangu. Akasema aliporudi kutoka dukani alimkuta amelala, na hakuamka sawasawa tena. Nikamshukuru. Siku hizi simwogopi. Amechoka tu kama mimi.

Alasiri Mwongeli aliniletea uji. Ndengu zake zimeota, mistari ya kijani mpaka ukingo wa shamba. Aliketi nami nje.

"Ile siku ya simu," akasema, "baba yako alinisumbua. Wewe unaongea huko ndani ya simu, yeye anatafuta mkono yangu. Nikasema ngoja, nimeshika simu. Hataki. Akavuta ile shali yake, akafunika mkono yangu kabisa, nikasema hii sasa ni homa."

"Akafanya nini?"

"Alinishika tu."

"Vipi? Alishika vidole?"

"Hapana, si vidole." Alifikiri. "Leta mkono."

Nilimpa. Akaweka kiganja chake kigumu cha jembe juu ya changu, akakikamata chote, na kukishusha mara moja, kwa nguvu.

"Hivyo," akasema. "Halafu akalala. Sijui alikuwa anataka nini, masikini. Labda maji."

Mwongeli hajawahi kuuza mbuzi kwa dalali. Na mgonjwa hushika chochote kilicho karibu, mara tisa kati ya kumi hana maana yoyote. Najua kuhesabu mambo kama hayo, ndiyo kazi yangu. Nilijaribu kuhesabu. Sikuweza hata kuanza.

"Mama," nikasema, "rudia."

Akanitazama, kisha akarudia.